Maji ya Rafu ya Tatu

Siku ya Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkutubi wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya maji aliinua kutoka rafu ya tatu makala kumi na nne zilizojalidiwa pamoja, akakuta zimelowa. Alitazama dari, ilikuwa kavu. Alitazama bomba la ukutani. Nalo lilikuwa kavu, kwa kuwa lilikatwa miaka miwili nyuma na hapakutokea mtu wa kuliunga. Akaleta beseni, akaliweka jalada ndani yake, akaifuta rafu kwa kitambaa, kisha akaendelea kupanga kadi za wasomaji. Ilipotimu saa nne beseni lilikuwa limejaa, na konokono mmoja, mdogo kama punje ya dengu, alikuwa akiupanda ukingo wake. Mkutubi hakuona kwamba konokono ni kazi yake. Akapiga simu maabara.

Aliyekuja alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, ambaye taasisi nzima ilimwita Mama Konokono. Kwa miaka ishirini na saba, kila wiki, alikuwa akivaa buti za mpira zinazofika mapajani, akiingia mtoni katika vituo kumi na viwili, akichota kwa chujio lenye mpini mrefu, na kuwahesabu konokono waenezao kichocho. Aliwaweka mmoja mmoja katika vikombe vya kioo vyenye maji, juani, ili wenye vimelea wavitoe na kujulikana. Hesabu aliiandika kwa penseli, kwa kuwa wino haustahimili maji. Madaftari yake yalikuwa thelathini na moja. Kutokana nayo zilikuwa zimeandikwa makala themanini na nane, na jina lake halikuwamo katika hata moja. Katika chache, ukurasa wa mwisho, walishukuriwa “wasaidizi wa mtoni”, kana kwamba walikuwa kundi.

Akamchukua yule konokono kwa koleo, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Huyu ni wa kituo cha saba,” akasema. “Wale wa chini ya daraja wana mstari mweupe kwenye ganda.” Akachovya kidole, akanusa. “Na maji haya ni ya mwaka wa mafuriko. Makala ya kwanza humo inahusu nini?”

Mkutubi akasoma kichwa chake. Ilihusu kuongezeka kwa konokono chini ya daraja katika mwaka wa mafuriko.

“Basi,” akasema Mama Konokono, naye akarudi kazini.

Kabla ya Ijumaa makala nyingine hamsini zilikuwa zinavuja. Mkutubi, aliyekuwa mtu wa taratibu, aliazima silinda ya kupimia kutoka maabara, akaandika kwenye kadi ya kila makala kiasi cha maji iliyotoa kwa siku. Nyingine zilitoa lita nne, nyingine kikombe. Zile zilizotungwa mezani bila kuugusa mto zilibaki kavu, na hotuba za mkurugenzi, zilizokuwa majalada sita, zilikuwa kavu kama unga. Daktari wa takwimu, kijana mwenye adabu aliyekuwa pia katibu wa kamati ya machapisho, alilinganisha lita hizo na idadi ya kurasa za madaftari zilizotumiwa katika kila makala. Nukta zake zikakaa zote juu ya mstari mmoja ulionyooka. Alisema kwamba tangu aanze kazi hajapata kuona nukta zenye utii kiasi hicho. Akaichora grafu vizuri, akaitia sahihi yake, akaihifadhi katika faili.

Wakati huo huo mkurugenzi alikuwa akiandaa makala kubwa kuliko zote, iliyokusanya hesabu za mtoni za miaka yote ishirini na saba. Orodha ya waandishi ilikuwa na majina kumi na moja. Mama Konokono alikuwa na miezi saba kabla ya kustaafu. Alifahamu kwamba akiondoka madaftari yatapelekwa stoo, na kwamba baada ya hapo hatakuwapo mtu wa kusema nani aliyeingia mtoni. Alitaka jina lake liwe katika makala hiyo, miongoni mwa waandishi, wala hakulificha jambo hilo. Akaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa hati iliyosimama wima, akaipeleka mwenyewe kwa kamati ya machapisho.

Jioni, mezani, alimweleza mumewe, ambaye alikuwa fundi saa.

“Mimi nikifungua saa ya mtu,” mumewe akasema, “huikwaruza alama yangu ndani ya kifuniko. Mwenye saa haijui. Anayeijua ni fundi atakayekuja kuifungua.”

“Mimi sitaki ya ndani ya kifuniko.”

“Najua, mama watoto. Nimekaa nawe miaka thelathini na minne. Ungekuwa mtu wa ndani ya kifuniko ningelala usingizi mzuri zaidi.”

Kamati ilikutana Jumatano. Katibu alimwamkia, akamvutia kiti, akaweka mbele yake jedwali la taasisi la kupimia uandishi. Lilikuwa na masharti manne. Mwandishi sharti awe ameshiriki kubuni kazi au kukusanya hesabu zake. Awe ameshiriki kuiandika au kuisahihisha. Awe ameisoma rasimu ya mwisho na kuiridhia. Na awe tayari kuulizwa juu yake. Katibu alikubali kwamba sharti la kwanza amelitimiza kuliko mtu yeyote aliye hai. La nne pia, kwa kuwa tayari alikuwa akiulizwa kila siku.

“Ila hapa kati, mama, ndipo tunapokwama,” akasema. “Hukuisahihisha rasimu, wala hukuiridhia.”

“Nipeni niisome.”

“Rasimu hupewa waandishi, mama.”

“Na mwandishi ni nani?”

“Ni yule aliyeisoma rasimu.”

Mama Konokono akatoa penseli mfukoni, akamwomba ayarudie maneno hayo polepole ili ayaandike kama yalivyosemwa. Katibu akayarudia. Alikuwa amelelewa vizuri, na sauti yake haikutetereka.

Ndipo mama akauliza habari za jina la tisa katika orodha. Akaelezwa kwamba huyo ni bwana aliyeazimisha jokofu lake kwa miezi miwili. Alipelekewa rasimu, akajibu kwa neno moja, “Sawa,” na kwa hiyo aliiridhia. Akauliza pia kuhusu maji. Wajumbe walikiri kwamba maji yalikuwa sahihi na kwamba grafu ya katibu haikuwa na dosari. Lakini jedwali halikuwa na safu ya lita, na kuongeza safu kulihitaji kikao cha bodi, na bodi ilikuwa imekwisha kukutana mwaka huo. Wakaamua kwamba atashukuriwa. Safari hii hawataandika wasaidizi. Wataandika jina lake kamili, pamoja na maneno “mchango wake usiokadirika”.

“Unakadirika,” akasema Mama Konokono. “Mkutubi ameuandika kwenye kadi.”

Kilemba cha ukoka hakikumkaa. Akainuka, akaaga mmoja mmoja, akatoka.

Wiki iliyofuata mkutubi alimwita tena. Jalada moja kuukuu, lililoandikwa na mwalimu wa mkurugenzi kabla taasisi haijajengwa, lilikuwa limeanza kutoa kikombe kimoja kwa siku. Mama Konokono akanusa, akatikisa kichwa. Maji hayakuwa yake. Hayakuwa ya mto kabisa. Yalikuwa ya kinamasi, yenye matope meusi na harufu ya matete yaliyooza. Walikuwa bado wakiyatazama mkurugenzi alipoingia kutafuta kitabu. Akasimama. Alikivuta kikombe karibu na pua yake, akanusa.

Alieleza, bila kuulizwa, kwamba jalada lile lilipoandikwa alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Mwalimu wake alimpeleka kinamasini kwa miezi minne, na miguu yake ilivimba hata viatu vikakataa kuingia. Jina lake halikuwamo katika jalada lile.

“Nilivumilia, dada,” akasema. “Na leo niko hapa nilipo.”

“Naona, Mkurugenzi. Na maji yako bado yako pale ulipoyaacha.”

“Mambo ndivyo yanavyokwenda.”

“Hayaendi. Hupelekwa. Na mmoja wa wapelekaji ni wewe.”

Mkurugenzi akakirudisha kikombe mezani, akaagiza jalada lile litafutiwe beseni dogo la peke yake, akaondoka bila kitabu alichokijia.

Mwezi wa nne ulipoisha, ikaja barua kutoka kwa wahariri wa jarida. Jarida lile lilikuwa na desturi yake: kila anayeshukuriwa sharti atie sahihi kwamba amekubali kushukuriwa. Katibu aliipeleka fomu maabara mwenyewe, pamoja na kalamu. Mama Konokono akaisoma mara mbili. Akalikata jina lake kwa mstari wa rula, akairudisha.

“Sikuwapa zawadi,” akasema. “Msinishukuru.”

“Mama, ukikataa hutakuwapo popote katika makala.”

“Nitakuwapo popote zilipo hesabu. Ninyi andikeni kwamba konokono walijihesabu.”

Katibu alimsihi kwa upole, akimweleza kwamba kushukuriwa ni bora kuliko kusahauliwa. Mama akamjibu kwamba hajaomba kimojawapo, akamwonyesha mlango kwa adabu, kwa kuwa vikombe vyake vilikuwa juani na saa ya kuvitazama ilikuwa imefika.

Makala ikachapishwa. Ilikuwa na majina kumi na moja, haikuwa na shukrani, na katika sehemu ya mbinu iliandikwa tu kwamba konokono walihesabiwa. Nakala ya kwanza ilipowekwa kwenye rafu ya tatu, ilitoa lita arobaini na moja kabla ya saa ya chakula cha mchana. Taasisi ikamwita fundi bomba, akachimba mfereji kutoka chini ya rafu hadi bustanini. Zikanunuliwa jozi ishirini za buti kwa ajili ya wasomaji, za saizi tatu, na mkutubi akabandika mlangoni tangazo la namna ya kuziazima. Mkurugenzi akapewa nishani. Bwana wa jokofu naye akaalikwa kutoa mhadhara, akautoa.

Ndipo zikaanza kufika barua kutoka maktaba nyingine, za karibu na za mbali. Zote zilisema makala inavuja, na zote ziliuliza jambo moja: maji yataisha lini? Hakuna katika wale kumi na mmoja aliyeweza kujibu, wala kutofautisha maji ya kituo cha pili na ya kituo cha tisa. Mkurugenzi akaagiza barua zipelekwe maabara, na baada ya Mama Konokono kustaafu, zipelekwe nyumbani kwake.

Alizijibu zote kwa mkono wake. Alitaja vituo, majira, na miaka; akaeleza konokono gani watatoka na jinsi ya kuwachukua bila kuwavunja. Kisha akaandika kwamba maji hayataisha, kwamba aliyewahesabu ni yeye, na kwamba anawataka waliongeze jina lake katika nakala yao. Akatia sahihi kwa majina yake yote matatu.

Maktaba zikajibu kwa adabu. Zilimwarifu kwamba barua yake imepokelewa, kwamba mabeseni yamekwisha kuagizwa, na kwamba orodha ya waandishi haibadilishwi baada ya kuchapishwa.

Mumewe alimsomea jibu la sitini na tatu huku akiwa na saa ya mtu wazi mbele yake, akauliza kama inatosha sasa. Mama Konokono alikuwa tayari amevuta karatasi nyingine. Safari hii alianza na jina lake.