Mazungumzo Ng'ambo ya Reli

Mikono ya mfagiaji wa stesheni ilikuwa imeganda hewani kwenye skrini, imezungushiwa mstari mwekundu. Chini yake mashine ilikuwa imeandika: ISHARA ZISIZOTAMBULIKA.

"Siku ya tano mfululizo," alisema mkuu wa chumba cha kamera, akigonga kioo kwa kalamu. "Saa nne kamili huyu anasimama upande huu wa reli, na yule mwanamke anayeosha mabehewa anasimama ng'ambo. Wanapungiana, kisha kila mtu anashika njia yake. Dada, hebu tazama mwenyewe."

Mtazamaji wa kamera akatazama. Kicheko kikamponyoka.

"Anamuuliza mkewe soksi yake ya pili iko wapi. Mke anamwambia, kamuulize aliyeivua."

Mkuu alimkodolea macho. Miaka sita walikuwa wamekaa chumba kimoja, na hakuna aliyejua kwamba mama yake mtazamaji alikuwa kiziwi, wala kwamba vidole vyake vilijua kusema kabla ya ulimi. Tangu amzike mama yake, mikono ile ilikuwa haijamwambia mtu neno.

"Basi Mungu ndiye aliyekuleta," mkuu akasema. "Niandikie siku zote tano, neno kwa neno. Sheria mpya unaijua: mashine ikimshuku mtu mara tano, ama tuwe na maelezo, ama akae ndani siku kumi na nne akihojiwa. Kesho saa sita mchana watu wa usalama wanakuja. Watachukua jalada, au watachukua watu."

Alirudisha picha za kamera nyuma, akaketi kuandika akiwa na moyo mweupe. Siku ya kwanza yalikuwa mambo ya wifi aliyekuja kukaa siku mbili na sasa alikuwa anaingia mwezi wa pili. Siku ya pili mfagiaji alimwiga msimamizi wake anavyotembea na kitambi chake, mpaka mkewe akashika mbavu. Mtazamaji naye alicheka peke yake, chai ikipoa.

Siku ya tatu mke alikawia kuinua mikono. Alipoiinua, alisema kwa ishara ndogondogo, karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona.

"Nimetoka kliniki. Daktari anasema mapigo ya mtoto hayasikiki. Nirudi baada ya wiki mbili." Akapangusa mikono kwenye gauni. "Nikamwambia, mimi na mume wangu hatujawahi kusikia mapigo ya chochote, na vitu vinaishi tu."

Treni ikapita katikati yao, behewa baada ya behewa. Ilipokwisha, mfagiaji hakuwapo. Ufagio wake ulikuwa umelala chini. Mashine ikaandika kwamba imempoteza. Kisha akaonekana ng'ambo, amepiga goti kwenye sakafu yenye maji, kiganja chake kimetulia juu ya tumbo la mkewe.

Mtazamaji alizima skrini. Alijiona kama mtu aliyesukuma mlango wa chumbani bila kupiga hodi. Utotoni alikuwa mkalimani wa mama yake hospitalini, sokoni, ofisini, akabeba mambo mazito kuliko umri wake. Siku moja aliyamwaga kwa majirani. Mama hakumchapa. Alimwinua kidevu tu, akamwambia kwa mkono mmoja: "Nilikuzaa uwe sikio langu, usiwe mdomo wa watu."

Alimpelekea mkuu mistari miwili: *Ni mume na mke, wote viziwi. Wanazungumza ya nyumbani kwao, hakuna hatari.*

"Maneno yenyewe yako wapi?"

"Ni yao."

Mkuu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Mimi nakuamini. Lakini wanaokuja hawakujui. Bila maneno watawachukua, na huko ndani nani atawakalimania?"

Usiku ule usingizi ulimpaa. Akisema, anawavua nguo. Akinyamaza, anawatia pingu.

Kesho yake saa nne alishuka ngazi, akavuka daraja. Mwanamke alikuwa akisugua dirisha la behewa.

"Habari za kazi, dada," mtazamaji akamwambia. Vidole vilikuwa na kutu. Vilikosea, vikaanza upya.

Uso wa mwanamke ulichanua, kama mtu aliyeitwa kwa lugha ya kwao ugenini.

"Mimi nafanya kazi kule juu," mtazamaji akaendelea, akionyesha kamera. "Nimeona mnayosema. Yote."

Tabasamu likafifia. "Hata ya kliniki?"

"Hata ya kliniki. Nisamehe."

Ng'ambo ya reli mfagiaji aliinua mikono kuuliza huyo ni nani; mkewe akamwashiria angoje. Mtazamaji akaeleza habari ya sheria, ya jalada, ya saa sita. Mwanamke alikamua kitambaa chake mpaka kikakauka.

"Waandikie ya wifi, ya msimamizi na ya soksi," alisema hatimaye. "Wacheke. Lakini ile ya siku ya tatu ni ya watu watatu. Wewe umekuwa wa nne. Tusizidi hapo."

Akaandika hivyo hivyo; siku ya nne nayo ilikuwa ya wifi tu. Siku ya tatu aliipa mstari mmoja: *Mke alimpa mumewe habari. Mume akavuka.*

Mkuu alisoma amesimama. Kwenye wifi alicheka kwa sauti. Mstari ule akausoma mara mbili.

"Habari gani hiyo?"

"Ya mke kwa mume."

Alizungusha kalamu vidoleni kwa muda mrefu, kisha akatia sahihi haraka, kama mtu anayeinamisha kichwa akipita mbele ya dirisha la jirani. Waliokuja saa sita waliondoka na karatasi tu.

Wiki mbili za daktari zikapita, kisha mwanamke hakuonekana kazini. Siku moja, mbili, tatu. Mfagiaji alifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Mashine ilikuwa na sura ya mwanamke yule. Kubonyeza mara moja tu, na kamera zote za mji zingemtafuta, zikaleta mtaa, mlango na saa. Kidole cha mtazamaji kilikwisha kaa juu ya kitufe. Akakiondoa. Akavaa sweta, akashuka ngazi kama jirani yeyote.

"Shemeji, dada hajambo?" akauliza kwa vidole.

Mfagiaji alimtazama. Kisha akauegemeza ufagio wake kwenye nguzo, taratibu, maana jibu lake lilitaka mikono yote miwili.