Msemaji wa Bi Pindo

Ofisi ya wakili ilikuwa na viti vitatu tu vya wageni, na Bi Pindo alifika na ukoo. Haya, si ukoo mzima, lakini mwanawe mkubwa, Mwalimu Mkuu, alikuwa na mwili wa kutosha watu wawili, na binti yake wa pili, mwenye saluni, alitanguliwa na manukato yake. Kitindamimba, binti naye, alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, kinachosukumwa na mama mwenyewe, maana kazi hiyo Bi Pindo hakumwachia mtu. Huyo walimwita Katoto. Mvi mbili tatu zilishaanza kuchungulia kichwani mwake, lakini nyumbani kwao jina likishakushika, umekwisha.

Kilichowaleta ni wosia. Bi Pindo alishona sare za shule tangu ujana, akajenga nyumba yake ya vyumba vitatu kwa jasho lake, na sasa macho yalikuwa yakikataa kuliona tundu la sindano. Kifo hakikumtisha, hata mzaha alishakifanyia. Kilichomnyima usingizi ni Katoto. Miguu yake haikuwahi kubeba mwili, na ulimi wake ulikuwa mzito, neno moja linatoka sasa, la pili baadaye kidogo. Mama akishafumba macho, nani atamwelewa? Nani atamtunza?

Watoto walishapanga. Nyumba iuzwe, Katoto ahamie kwa Mwalimu Mkuu, ambaye tayari alikuwa amemjengea chumba chenye mlango mpana na njia ya mteremko ya saruji. Alikijenga kwa mapenzi, tena bila kuombwa. Bi Pindo aliukubali mpango kwa kichwa, moyo ukagoma, na yeye mwenyewe hakujua unagomea nini.

Wakili alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alipokea salamu zote, akauliza hali za wote, halafu akaonyesha mlango.

"Mwalimu, na wewe dada, mtanisubiri kwenye benchi hapo nje. Wosia nausikia kwa mwenyewe kwanza."

"Sisi hatuna siri, mama wakili," Mwalimu Mkuu alisema, kifua mbele.

"Hongereni sana. Benchi lina kivuli."

Mwalimu Mkuu akatoka, huku akijiuliza lini mara ya mwisho mtu alimtoa yeye ofisini. Dada mtu alimfuata akicheka chini chini. Katoto alibaki, kwa kuwa wakili alisema habari hii inamhusu.

Bi Pindo akaueleza mpango wote, wakili akaandika. Kisha akainua kichwa.

"Na dada hapa, yeye anataka nini?"

"Anataka kwenda kwa kaka yake," Bi Pindo alijibu.

"Nimemwuliza yeye."

Katoto alifungua kinywa. "Mi... mi..."

"Hana neno huyu, mtoto mpole."

"Mimi... na..."

"Anataka maji. Una maji hapo, mama wakili?"

Wakili aliweka kalamu chini. "Mama yangu, naomba nikupe kazi ndogo. Weka mkono mdomoni, usiutoe mpaka nikuambie."

Tangu darasa la pili Bi Pindo hakuwahi kuambiwa hivyo. Angekuwa kwake, wakili angelijua jiji. Lakini ofisi ilikuwa ya watu, akaweka mkono. Feni ilizunguka. Wakili alitulia tu, kama mtu asiye na mteja mwingine siku hiyo.

"Nataka... kubaki... nyumbani," Katoto alisema. "Nyumba... isiuzwe. Kaka... atengeneze... bati. Dada... anisuke." Akavuta pumzi. Kwa kuwa leo njia ilikuwa wazi, akaona afadhali amalize yote. "Na chai... ya maziwa... siipendi."

Mkono wa Bi Pindo ulitoka wenyewe. "Tangu lini?"

"Tangu... zamani."

"Mbona nakupa kila asubuhi!"

"Hunisubiri... nimalize."

Bi Pindo alicheka mpaka kilemba kikamlegea, halafu kicheko kikakatika. Aliona haya. Miaka yote alijisifu kwa majirani kwamba hakuna anayemwelewa Katoto kama yeye, kumbe kazi yake ilikuwa kumkata kalima. Alimshika mwanawe kwa mkono mmoja, na ule mwingine akaurudisha mdomoni bila kuambiwa.

Wakili akawafafanulia taratibu. Wosia unaweza kumpa Katoto haki ya kuishi katika nyumba ile maisha yake yote, na asitokee wa kuiuza bila yeye kuridhia. Hata ile posho ya serikali ya watu wenye ulemavu, inayopitia kwa kaka, inaweza kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe.

"Huyu ni mtu mzima, mama. Akili zake timamu," alisema. "Mpe nyumba, na watu wa kumsaidia akiwaita. Basi."

Hapo moyo wa Bi Pindo ukaacha kugoma. Alihema kama aliyetua ndoo ya maji.

"Sasa swali la kwako wewe," wakili aliendelea. "Ukiugua ukashindwa kusema, nani akusemee hospitali?"

"Mwalimu Mkuu," jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini Katoto alikuwa ameinua kidole, na safari hii mama yake aliumeza ulimi.

"Mimi. Dawa... ya presha... asubuhi. Ya macho... usiku. Vile... vidonge... vikubwa... anavificha... kwenye droo... ya cherehani."

Bi Pindo alitazama dari. Ni kweli tupu. Na kila asubuhi ni kidole hichohicho kilichomwelekea mpaka akameza, naye akidhani mlezi ni yeye.

Waliokuwa benchini wakaitwa, wakaelezwa. Mwalimu Mkuu alipigwa na butwaa.

"Na chumba? Nimeshajenga!"

"Nitakuja... likizo," Katoto alimwambia, na kaka mtu akajaribu kununa ikamshinda. Lakini la hospitali hakulimeza kirahisi. "Mama, kule watu wana haraka. Daktari atapata wapi muda wa..."

"Hata mimi nasema," Bi Pindo alidakia kwa utani. "Mwanangu, mpaka umalize, si nitakuwa nimeshazikwa?"

Walivunjika mbavu, na aliyecheka kuliko wote ni Katoto mwenyewe. Kicheko kilipopoa, akasema, "Daktari... atasubiri."

Mwenye saluni alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, wanja ukamchafuka.

"Andika," Bi Pindo alimwambia wakili.

Kwa kuwa warithi hawaruhusiwi kuwa mashahidi, wakili alimwita karani wake na fundi viatu wa mlango wa pili, aliyekuja na gundi vidoleni. Karatasi zikasomwa kwa sauti. Kisha wakili akamgeukia Katoto.

"Dada, unakubali kumsemea mama yako?"

Mwalimu Mkuu alifungua kinywa. Mama yake akamfinya. Bi Pindo aliibana mikono katikati ya magoti, midomo ikimwasha.

"Ndiyo," Katoto alisema.

Fundi viatu akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Subiri, baba," Bi Pindo alimzuia. "Hajamaliza."

Wote wakasubiri.

"Lakini... dawa... anywe... bila... kisirani."

"Nitakunywa," Bi Pindo aliahidi mbele ya mashahidi, akatia sahihi.