Upande Aliotazama Honorine

Siku shirika lilipofunga mlango wake pale Bunia, wakubwa walipanda magari yao wakaondoka, wakaacha vyombo vya biro, yaani ofisi yao, vigawanywe kwa wafanyakazi. Kila mmoja aliitwa achague kimoja. Didier, dereva, alibeba godoro. Bénédicte, aliyekuwa sekretere, alichukua ordinateri, ile kompyuta ya biro. Lambert, aliyelinda geti miaka sita, alipita katikati ya viti na meza asiviangalie, akanyoosha kidole kwenye kaske, kile kidude cheusi cha kufunga machoni kinachomwonyesha mtu filamu kama vile yumo ndani yake.

Didier alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Camille! Viti vyote hivi, na weye unakamata miwani? Utaikalia?"

"Cheka tu," Lambert akasema. "Bibi yangu iko mule ndani."

Didier akaliinua godoro lake. Wote walimjua Honorine, mke wa Lambert.

Walipokimbia kutoka Djugu, nyumba ikiwaka nyuma yao, Lambert na mkewe na binti yao Camille walipangiwa hema kambini. Huko ndiko shirika lilikoleta kamera moja ya ajabu, ya mviringo kama chungwa, inayoona pande zote kwa pamoja, juu ya miguu mitatu, likasema linataka kuonyesha ulimwengu maisha ya waliokimbia vita. Wakampiga filamu Honorine akitwanga sombe, majani ya muhogo. Filamu ile ulimwengu uliiona kweli, maana Lambert, aliyekuja kupewa kazi getini, aliwafungulia wageni waliokuja kuiangalia. Aliwaona kupitia dirishani: mgeni anakaa, anafungwa kaske, anageuza kichwa huku na huku, anaivua, anafuta machozi, halafu wote wanakwenda kula hotelini.

Siku moja Lambert aliomba na yeye aangalie. Shefu, mkubwa wa biro, akamwambia jasho linaharibu kioo.

Honorine alikuwa ameshakufa wakati huo. Alikufa kwa kuharisha, kwenye kituo kidogo cha afya, akisubiri karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa. Karatasi ilikuwepo. Gari lilikuwepo. Mtu wa kutia saini alikuwa kwenye semina. Semina ya nini, Lambert aliuliza, na hakuna aliyemjibu mpaka leo. Picha za Honorine ziliungua Djugu. Ile ya kwenye kadi ya kura, watu wa kuandika majina ya msaada waliondoka na kadi wakisema watairudisha. Bado wanarudi. Na Camille, anayeuza samaki Kasenyi, kando ya ziwa, sasa, alimuuliza baba yake juzi: "Papa, mama alikuwa na sura gani? Miye nimesahau." Lambert alifungua kinywa, akakuta hata yeye amebaki na kitambaa cha kichwani tu, na sauti.

Basi alifika nyumbani na kaske yake, akafunga mlango, akaivaa. Giza. Akaigonga kidogo, kama unavyogonga redio. Giza. Akaita, "Mama Camille," kwa sauti ya chini, kisha akaona aibu akiwa peke yake.

Kesho yake aliibeba ndani ya mfuko mpaka Nyakasanza, kwa Bénédicte, aliyekuwa amefungua kibanda cha kuchapa barua na fotokopi kwa ile ordinateri.

"Sasa, Baba Camille, weye ulizani batu wanalala mule ndani?" Bénédicte alimcheka, halafu akaona uso wake, akavuta kiti. "Ikala. Kaske ni sawa dirisha tu. Filme iko huku, mu ordinateri. Na una bahati, leo nilitaka kuifuta. Ni muzito, inakula nafasi yote, ordinateri inatembea sawa konokono."

"Kuifuta?"

"Sikujua ni mama Camille. Biro waliandika tu namba."

Lambert alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Namba. Mtu mzima, aliyezikwa na jina lake, amekuwa namba.

Bénédicte alitoa waya mbili za kaske. Ndogo aliichomeka kwenye tundu la waya wa klavye, ule ubao wa herufi, ikaingia. Kubwa, ile inayopeleka picha, aliipeleka juu, kando ya waya wa kioo cha ordinateri. Taa ndogo ikawaka kwenye kaske, nyekundu. Kwenye kioo kukatokea maandishi ya Kifaransa. Bénédicte akasoma: "Inasema haioni kaske."

Alizima, akawasha. Alichomoa, akapuliza vumbi, akachomeka tena. Haioni. Mteja aliyekuja na cheti cha ubatizo aliambiwa arudi mchana. Umeme wa betri za jua ulikuwa unashuka; kile kifaa cha kubadili umeme kilianza kulia tii, tii.

"Baba Camille, samahani. Pengine imekufa njiani."

"Imekufa wapi, na godoro la Didier lilifika zima!" Lambert akafoka. "Bale bakubwa njo vile walivyo, wanakuachia ganda." Kisha akainama nyuma ya meza. Kila asubuhi kwa miaka sita, kabla ya wakubwa kufika, ni yeye aliyefuta vumbi la biro ile. Mbele ya ordinateri ilikuwa ya mashefu. Mgongo ulikuwa wake.

"Mama Béné, waya hii haikuwa juu. Ilikuwa huku chini, kwa haya matundu ya kulala. Zote mbili, ya kioo na ya kaske. Miye nilikuwa ninazisogeza na kitambaa."

Bénédicte akachungulia. Chini, ndani ya utando wa buibui, kulikuwa na matundu mengine, ya kile kipande ambacho kazi yake ni kuchora picha nzito. Akahamisha waya zote mbili. Taa ikawa kijani.

"Aa! Weye ungekuwa shefu!"

Lambert hakucheka. Alikuwa ameshainamisha kichwa, kama anayengoja kumiminiwa maji ya ubatizo.

Bénédicte akamfunga kaske. Kwanza ilikuja sauti: kinu. Halafu mwanga, na hema, na matope, na Honorine. Alikuwa karibu sana hivi kwamba Lambert alirudisha miguu asipigwe na mchi. Kovu la nyusi. Sikio la kushoto lisilo na hereni. Vyote alivyokuwa amevisahau vilimrudia kwa mpigo.

"Mama Camille."

Honorine alitwanga. Wakubwa walikuwa wamemwambia asiangalie mashine, afanye kama hakuna mtu, naye alitii. Lambert akainama kulia, akainama kushoto, akitafuta macho yake. Macho yalikuwa kwenye sombe.

Kisha Honorine akainua uso. Akacheka. Hakumchekea yeye, alitazama mbali, juu ya bega lake, nyuma. "Baba Camille, kuya tukule," akamwita mtu aje wale.

Lambert akageuka, waya ukavutika. Nyuma yake, kando ya gari jeupe, alisimama mwanamume mmoja mwenye koti kubwa, na kijikaratasi cha msaada mkononi. Ilimchukua muda kujitambua. Yule mtu hakugeuka. Alikuwa akimwangalia shefu mdomoni, kama kuku anayengoja punje.

"Baba Camille!" Honorine aliita tena, akiwa bado anacheka.

"Itika, mupumbavu weye!" Lambert alipiga kelele kibandani. "Anakuita! Itika!"

Yule mtu hakuitika. Kinu kikaanza tena, na giza likaingia. Filamu yote ilikuwa dakika nne.

Bénédicte alimvua kaske. Kioo kilikuwa kimelowa. Hakusema lolote juu ya jasho. "Pale alipocheka, naweza kukutolea picha, kwa karatasi. Ya Camille. Na filme siifuti tena."

"Toa."

"Niweke na weye nyuma?"

"Weka yeye peke yake. Mutu ule usimuweke."

Siku ya tatu aliteremka Kasenyi na picha ndani ya shati. Camille alifuta magamba ya samaki mikononi, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama mpaka wanunuzi wakaanza kunung'unika.

"Papa, hapa mama alikuwa anacheka na nani?"

Lambert, ambaye siku zote alikuwa na mkubwa wa kumlaumu, alitazama ziwa.

"Na baba yako," akasema, kama anayemsema mtu mwingine.