Sugni Ndani ya Shimo la Nguzo

Wifi yangu Sugni aliingia kwenye shimo la nguzo alfajiri, mafundi wa umeme walipokuwa bado wanakunywa chai. Alijifunika ushungi akakaa kitako chini kabisa.

"Mama, toka tusimike nguzo," alisema Bhagirath, msimamizi wao.

"Simikeni nikiwa humu humu."

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. Shimo lilikuwa kati ya bwawa na uwanja tunapowamwagia korongo nafaka kila majira ya baridi, wanaposhuka jangwani kwetu kutoka ng'ambo ya milima ya theluji. Mwaka uliotangulia waya mwingine ulipitishwa upande wa mashariki. Asubuhi moja ya ukungu mbwa waliwakurupusha ndege hao, nao wakaugonga waya huo. Mimi na Sugni tuliwaokota kwa shuka zetu, wengine bado wanapapatika.

Kaka yangu Kesaram, mumewe, alifika akitweta. Umeme huo aliuhangaikia miaka. Feni alishainunua, inaning'inia darini bila kazi.

"Unaniaibisha mbele za watu! Toka!"

"Kaa hapo ukingoni, baba Mohni, utazame juu."

"Nitazame nini?"

"Wewe tazama tu."

Akakaa, amenuna. Nikampa Sugni mkate wa uwele na mtindi, akala humo humo shimoni.

"Tukuletee na kitanda?" Bhagirath akamtania.

"Leteni. Na blanketi msisahau."

Jua lilipochomoza, korongo waliinuka bwawani kuja kula. Walitupitia chini chini, shingo zimenyooka, kelele zao zimejaa masikioni, hata kaka akashika kilemba chake. Nguzo ilikuwa imelazwa kando. Kesaram akaukadiria urefu wake kwa macho, akawatazama ndege.

"Bhagirath," alisema mwishowe, "pitisheni nyuma ya vilima vya mchanga."

"Mzee, huko nyumba yako haitafikiwa. Si mwaka huu, pengine hata mwakani."

"Nimesikia."

"Basi nitawaambia wakubwa. Wakikataa, tunarudi."

"Mkirudi mtanikuta," alisema Sugni.

Hakutoka mpaka nguzo ilipobebwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Kaka akaingia kumsukuma, mimi nikamvuta kwa juu. Siku zote wakubwa walipokuwa wakivutana, Sugni alishinda ukingoni mwa lile shimo. Mwisho wakakubali, nasi tukalifukia wenyewe.

Kiangazi kilipofika, kaka alilala uani akijipepea kwa mkono na kulalamikia joto. Mkewe hakumlaumu hata mara moja.