Kifaranga Ana Watoto Watatu

Mjukuu wangu, ambaye hapa Newala tunamwita Mama Oliva, anaandika programu za simu. Ofisi iko Dar es Salaam, yeye yuko sebuleni kwangu na laptopu yake. Kazi nzuri, ya kukaa. Tabu yake ni asubuhi.

Asubuhi bosi wao, Gwakisa, anajitokeza kwenye kioo na kuuliza, "Vifaranga wangu, mmeamkaje?" Basi watu wazima na ndevu zao wanainua kadi. Ya njano maana yake nina furaha, ya bluu nina huzuni. Aliyemaliza kazi anapewa nyota, wenzake wanampigia makofi. Mimi jikoni najibana mbavu mpaka kuni zinazimika.

"Bibi, usicheke," Mama Oliva akaniambia siku moja. "Hii programu ya kuwakumbusha wakulima kupulizia mikorosho dawa nimeiandika mimi, mwanzo mpaka mwisho. Nimeomba niende Chiwata nikawafundishe mwenyewe. Anasema nisubiri mabawa yaote."

"Kwani hayajaota?"

"Bibi. Keshokutwa anapita hapa kunipa jibu. Akikataa, naacha kazi."

Hapo sikucheka. Kazi hiyo ndiyo inayomsomesha Oliva kule Masasi.

Gwakisa akaja. Mtu mzuri tu, na shikamoo yake aliitoa ameinama. Nikaitika marahaba, nikamketisha mkekani, nikamfunga kanga yangu shingoni asijichafue. Alishangaa, lakini mgeni atasema nini? Kisamvu nikampulizia kipoe.

"Matonge madogo madogo, kifaranga," nikamwambia. "Eeh, hivyo hivyo. Mama Oliva, mpigie makofi, amemeza."

Mama Oliva akainamia sahani, mabega yanamtetemeka.

"Na leo unajisikiaje, njano au bluu?"

"Bibi," akasema taratibu, "mimi nina watoto watatu."

"Hongera, baba. Huyu naye ana wake. Huku kwetu msichana akishachezwa unyago anapewa jina jipya. Lile la utotoni hata mimi niliyemlea silitaji, ni kumtukana. Sasa wewe hilo la kifaranga sijui umelitoa wapi."

Akalirudisha tonge sahanini. Nikajiuliza: je, nimemharibia mjukuu wangu kazi kwa utani wangu?

"Mama Oliva," akasema mwishowe, "Chiwata unakwenda lini?"

"Jumatatu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akafungua mdomo aseme neno. Akanitazama, akatia tonge.

"Haya," akasema alipomaliza kutafuna.

Aliondoka na kanga yangu shingoni, mpaka leo hajairudisha. Mama Oliva amekwenda Chiwata na amerudi, viatu vyekundu kwa vumbi, anaimba. Na asubuhi hii nimemsikia bosi kwenye kioo: "Vifa... jamani, habari za kazi?"

Nikampigia makofi kutokea jikoni. Mama Oliva akaja akafunga mlango.