Pini za Kujipa Mwenyewe

Kila wehu ulioingia katika shule ile ulipitia mlango wa Darla Whitcomb, na Janine Kozlik alikuwa ameuona wote. Walipokuwa darasa la sita ulikuja mchemraba wa rangi. Wasichana waliuzungusha kwenye basi la shule hadi vidole vikafa ganzi, na aliyeshindwa alibandua vile vibandiko vya rangi, akavipanga upya nyumbani, kisha akaja kupongezwa. Darasa la saba zikaja fulana zenye mamba mdogo kifuani. Fulana ilikuwa fulana tu. Aliyevaliwa ni mamba. Baada ya mamba zikafuata soksi za sufu zisizo na nyayo, zilizofungwa miguuni kama bandeji, hata mwezi wa sita jua likiwaka. Na sasa walikuwa darasa la nane, mwaka 1983, theluji ya Ohio bado imelala kando ya barabara kama majivu, zikaingia pini.

Ilikuwa pini ya kawaida, mdogo wake pini ya nepi. Ulitunga shanga tano au sita kwenye mguu wake, ukaifunga, ukampa rafiki yako, naye akaichomeka kwenye kamba za raba zake. Sheria ilikuwa moja: pini unapewa, hujipi. Kwa hiyo mtu akikutazama miguuni alijua una marafiki wangapi, wala hakuwa na haja ya kukuuliza jina.

Mwezi wa kwanza Paulette Gruber alikuwa ametembea na pini kumi na nne, mpaka mdogo wake akaropoka kwenye basi kwamba Paulette anazitunga mwenyewe jikoni. Siku ile ile akabatizwa jina la Jipe. Wiki tatu nzima alikula mkate wake chooni, miguu ameipandisha juu ili asionekane chini ya mlango. Darla ndiye aliyemtungia jina.

Janine alidharau mambo hayo kimyakimya, kama mtu anayetazama kuku wakigombania kipande cha kamba wakidhani ni mnyoo. Aliweza kudharau kwa utulivu kwa sababu hakuwa peke yake. Alikuwa na Noreen Sabo. Tangu darasa la kwanza walikaa pamoja, na katika bwalo la chakula walikuwa na meza yao ya mwisho, karibu na pipa. Mchemraba uliwapita, mamba akawapita, soksi zikawapita. Pini tu ndiyo iliyowagusa kidogo: mwezi wa pili Noreen alisema, kwa mzaha, kwamba miguu yake inaona baridi. Janine akamtungia moja, shanga za mbao, nyeupe na bluu. Noreen akaivaa. Hapakuwa na nyingine.

Jumatatu moja Noreen alikuwa anamenya chungwa, akaongea bila kuinua macho.

"Darla amesema naweza kukaa mezani kwao kuanzia Ijumaa. Lakini nivue ya kwako kwanza."

"Imemkosea nini?"

"Anasema shanga za mbao ni za kizee."

"Za mbao hazipasuki."

"Najua, Jan. Mimi sijasema kitu, nakwambia alivyosema yeye."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia nitafikiria."

"Tangu lini wewe unafikiria maneno ya Darla?"

"Tangu nilipochoka kula karibu na pipa," Noreen akasema. "Wewe husikii harufu yake kwa sababu pua yako iko juu saa zote."

Janine alicheka, ila akaisukuma trei yake kando.

Kulikuwa na jambo alilolijua. Kila siku baada ya shule, na Jumamosi kutwa, alifanya kazi katika duka la nyuzi na vifungo la shangazi yake, Vera. Shanga zilikaa kwenye trei za kuokea keki, kila shimo na rangi yake, na Janine ndiye aliyezipanga. Alizijua kama mwenye mbuzi anavyojua mbuzi zake. Nyekundu iliyoletwa Januari ilikuwa na weusi kidogo. Ile ya Februari ilielekea chungwa. Na ilikuwapo kijani moja iliyoletwa kimakosa, mfuko mmoja tu, rangi ya tango lililokaa kwenye siki. Ilikaa kwenye trei mwezi mzima bila mtu kuitaka.

Jumamosi iliyopita, saa sita mchana, wakati shule nzima iko kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, Darla aliingia dukani akiwa amevaa miwani ya jua. Nje palikuwa na mawingu.

"Bibi yangu anatarizi," alisema. "Anataka zile za kijani. Zote."

"Zote?" Janine aliuliza.

"Bibi yangu ana muda mwingi."

Akanunua na pini pakiti mbili. Jumatatu ile ile alifika shuleni na pini mpya kumi na moja, kijani tupu, akasema zimetoka kwa binamu zake wa Cleveland. Wasichana waliinama kuzitazama kama watu wanaochungulia kisima.

Shangazi Vera alikuwa na mila moja ya duka, na aliisema mara moja tu, siku Janine alipoanza kazi. "Anachonunua mtu hapa kinabaki hapa. Mama wa watu akinunua mpira wa kiuno mrefu kuliko wa mwaka jana, wewe hukuona. Wakijua tunaona, watakwenda kununua mji wa pili." Janine aliishika mila hiyo miaka miwili bila kuteleza.

Jumatano aliwaza. Hakutaka kumkomoa Darla. Alijiambia hivyo, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Alitaka Noreen aone anakwenda kukaa na nani. Alipiga hesabu kama anavyopanga trei: sheria ipo, Paulette aliivunja, Paulette aliadhibiwa. Darla ameivunja mara kumi na moja. Basi.

Alhamisi alibeba trei yake ya chakula akapita katikati ya bwalo mpaka meza ya Darla. Noreen alikuwa tayari amesimama pale, ameegemea kiti, anajizoeza kwa ajili ya kesho.

"Darla," Janine akasema, sauti yake ya kawaida, "bibi yako amemaliza kutarizi?"

"Bibi gani?"

"Aliyetaka shanga za kijani. Mfuko ulikuwa mmoja tu Ohio yote. Nimekuuzia mimi, Jumamosi, saa sita. Na pini pakiti mbili. Ndizo hizo ulizovaa. Binamu zako wa Cleveland wamezipata wapi?"

Meza nzima ikainama kutazama raba za Darla, na meza ya jirani ikageuka. Mtu mmoja nyuma akatamka polepole, "Jipe." Janine akasubiri. Alimtazama Noreen, si Darla.

Darla alishusha uma. Alitazama raba zake, kushoto, kulia, bila haraka. Kisha akainua uso, na uso wenyewe ulikuwa na huruma.

"Kwani nyinyi bado mnapeana?" akauliza.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Hayo ya kupeana ni ya watoto wa darasa la nne. Cleveland kila mtu anatunga zake. Unavaa unachopenda wewe, huvai unachotupiwa kama sadaka. Nilitaka kuwaambia wiki hii, ila nikaona mtashtuka." Akageuka. "Paulette. We Paulette, njoo huku. Huyu aliwatangulia wote, mkamcheka."

Paulette Gruber alikuja na trei yake mkononi. Janine alitazamia atasema neno, japo moja, kuhusu zile wiki tatu. Paulette akaketi, akasema, "Mimi nilijua tu," akacheka kwa sauti kuliko wote. Msichana aliyetamka Jipe akamsogezea nafasi na kumwuliza anatumia shanga ngapi kwa pini moja.

Ikawa imekwisha. Haikuchukua muda wa kumaliza maziwa. Janine alibaki amesimama na trei yake, na hapo ndipo alipoelewa kwamba katika bwalo zima, aliyeiamini sheria ya pini alikuwa yeye peke yake.

"Umeridhika?" Noreen alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Amedanganya mbele yako."

"Nimeona. Na wewe umekuja kunionyesha mbele ya watu wote. Ungeweza kuniambia mimi pale pipani, Jan. Tulikuwa wawili."

Kesho yake duka lilijaa. Wasichana walipanga foleni mpaka mlangoni, kila mmoja ananunua zake za kujipa, kwa sababu sasa hapakuwa na mpaka: zamani ulikuwa na pini kadiri ya marafiki, leo una pini kadiri ya trei. Shangazi Vera aliuza hadi mashimo yakaonekana chini. Alisikia kwa wateja wenyewe yaliyotokea. Alingoja mpaka walipofunga mlango.

"Umeuza siri ya mteja," alisema, akifuta meza. "Na hata bei hukupata."

"Alikuwa mwongo, shangazi."

"Wote waongo. Wengine ni wateja pia." Akakunja kitambaa mara nne. "Kuanzia wiki ijayo utakaa stoo, ufungue maboksi. Kaunta siwezi kukuachia. Kesho ni ya mwisho."

Janine akaanza kurudisha trei kwenye rafu. Haki ilikuwa upande wa shangazi, na hilo ndilo lililomchoma.

Noreen alikuja siku hiyo ya mwisho, saa nane mchana. Raba zake zilikuwa zimejaa pini kama mgongo wa nungunungu. Alitembea kwa uangalifu ili zisigongane.

"Nataka za kutosha pini thelathini," alisema. "Njano na waridi."

Janine akavuta trei.

"Darla hana kinyongo, ujue. Anasema ulimsaidia, maana hakujua aanzie wapi kuwaambia watu. Amesema unaweza kukaa na sisi. Ila uje na zako. Thelathini angalau."

"Na ile ya kwangu?"

Noreen alitazama chini, akageuza mguu mmoja, halafu wa pili. Alitafuta kwa muda, na alitafuta kwa nia njema.

"Imo humo," akasema. "Nadhani. Niliifungua nikachanganya shanga zake na nyingine, ili zote zifanane." Aliinua macho. "Jan, ni shanga tu."

"Ndiyo," Janine akasema. "Njano hii au hii?"

"Ipi nzuri?"

"Zote zinapasuka."

Noreen akachagua. Janine akazipima kwa kijiko, akazitia kwenye mfuko wa karatasi, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili kama alivyofundishwa, akamwekea kwenye kaunta. Noreen hakuuchukua mara moja.

"Jumatatu utakaa wapi?"

"Pale pale."

"Peke yako?"

Janine alimtazama rafiki yake wa miaka minane kama anavyotazamwa mteja, kwa adabu, bila kuona kitu.

"Kuna watu nyuma yako, Noreen," alisema.

Noreen akachukua mfuko wake, akasogea pembeni. Janine akamwuliza aliyefuata anataka rangi gani.