Mtakatifu wa Kapu la Ndagala

Wivu wa Mélissa ulikuwa na tarehe yake. Ulichemka kila mwaka siku ya ishirini na saba Januari, sikukuu ya Mtakatifu Dévote, siku ambayo Dévote mke wa Eddy huketishwa kwenye kiti chenye maua mbele ya kwaya, akapewa Fanta ya kwanza, akasimulia maisha ya mtakatifu somo wake, yule mwenye jina kama lake.

Ndiyo desturi ya kwaya yao pale Kajaga, kando ya ziwa. Kila mtu ana jina la ubatizo, jina lina mtakatifu wake, na mtakatifu ana siku yake. Mzee Télesphore, katekista, hakubali hadithi tupu. Ukimaliza anakuuliza: mfalme gani alitawala wakati huo? Mji gani? Watu waliogopa nini? Maana watakatifu, asema, hawakudondoka mawinguni. Waliishi chini ya serikali, walilipa kodi, walinunua chumvi.

Dévote alijibu bila kubabaika. Kisiwa cha Korsika, karibu mwaka mia tatu na nne. Kaisari Diokletiani alikuwa amebomoa makanisa, amechoma vitabu vya Wakristo, na kuamuru kila mtu aitolee miungu sadaka. Binti yule akakataa, akauawa, na inasimuliwa kwamba maiti yake ilipowekwa katika mashua, njiwa aliruka mbele akiiongoza baharini. Watu walipiga makofi. Mélissa naye alipiga, lakini viganja vyake havikutoa sauti.

Yeye hakuwa na somo. Mama yake alilisikia jina Mélissa kwenye filamu, katika televisheni ya jirani, akalipenda, na padiri akaliandika bila kuuliza. Miaka sita katika kwaya hajawahi kukalia kile kiti. Dévote ana mume mwenye pikipiki, ana sauti ya kwanza, anasoma waraka bila kufuatisha kidole. Hata mbinguni ana mtu wake.

"We siku yako ni tarehe talatini Februari," Maxime mpiga ngoma alimtania, na Dévote akacheka pamoja na wengine. Kicheko hicho kilimkaa Mélissa kooni kama mwiba wa samaki.

Alikuwa akikaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kuwauza karibu na ziwa. Shule aliiacha darasa la tano, lakini sikio lake halikuacha kitu. Basi mbele ya karai la mafuta akaanza kumtengeneza mtakatifu. Mfalme alimchukua yule yule wa Dévote, maana alikwisha kumfahamu. Mji akauchukua kwenye hadithi ya mtakatifu wa mwimbaji mwingine.

Jumapili moja ya Machi alisimama, macho chini, akasema mtawa mmoja wa Uvira amemsimulia habari za somo wake. Mélissa wa Kartago alikuwa mchuuzi wa samaki, hakujua kusoma. Askari wa Diokletiani walipopita nyumba kwa nyumba wakitafuta vitabu vya kuchoma, Wakristo walimpa Injili azifiche. Akazilaza ndani ya kapu, akamwaga ndagala juu yake, akatembea nazo siku tatu. Wakamkamata kwenye lango la mji. Wakamwambia atue kapu, akakataa. Alikufa amelishika, na hakuwahi kusoma hata neno moja la kile alichokificha.

Mzee Télesphore hakuuliza habari za mfalme. Aliuliza tu kama ndagala wanafika Kartago.

"Ni samaki wadogo," Mélissa akajibu. "Mi nasema ndagala mpate kuelewa."

Wakacheka kwa mapenzi, wakamketisha kwenye kiti. Fanta haijawahi kuwa tamu hivyo. Alimtazama Dévote kwa pembe ya jicho amwone akiumia. Dévote alikuwa analia, na Mélissa akahesabu machozi yale kuwa ushindi.

Lakini ushindi haukudumu. Miezi michache baadaye tumbo la Dévote lilionekana, na macho yote yakamrudia. Wanawake wakampisha kwenye benchi, wakambebea begi. Mélissa akawa akiliangalia tumbo lile kama mwenye njaa anavyoangalia sahani ya mwenzake.

Mtoto wa kike alizaliwa katikati ya Novemba. Hajamaliza wiki mbili, Dévote alimwita Mélissa nyumbani, akafunga mlango.

"Mi nilikuwa nakuonea wivu," alisema.

Mélissa alidhani anachekwa. Dévote akaendelea polepole.

"Somo wangu alibebwa amekufa. Wako alibeba mwenyewe. Mimba mbili zilitoka, hiyo unajua. Siku ile uliposimulia nilikuwa na ya tatu, sijaambia mutu. Nikamwomba: we ulikataa kutua kapu, nisaidie na mi nisitue. Nikaomba hivyo kila siku mpaka nikazaa. Mutoto ataitwa Mélissa. Njoo umwambie padiri habari zake, maana kwa kitabu chake hamuoni."

Mélissa alimtazama mtoto. Alichokitaka cha Dévote miaka yote, leo kilikuwa kikiwekwa mikononi mwake, chote, na alihitaji tu kuirudia hadithi yake. Padiri angeamini. Lakini alimwona mtoto huyu amekua, amesimama mbele ya wenzake, akiulizwa siku yake ni lini.

"Dada Dévote, hayuko."

"Nani?"

"Mutakatifu. Mi nilimtunga. Nilikuwa na wivu."

Dévote aliweka mkono juu ya kitambaa cha mtoto.

"Basi nililia kwa nani?"

Mélissa alinyoosha mkono kumgusa mtoto.

"Toka," Dévote alisema kwa sauti ya chini. "Usimwamushe."

Mzee Télesphore alipopata habari hakumkemea Mélissa. Alimwondoa mstari wa mbele wa kwaya tu, kisha akaenda kwa Dévote na jina jingine: Crispine, mwanamke wa Afrika ya Kaskazini, mama wa watoto, aliyekataa kutoa sadaka akauawa mwaka mia tatu na nne, chini ya Diokletiani huyo huyo. Huyu yumo kitabuni, na sikukuu yake ni tarehe tano Desemba.

Siku hiyo mtoto alibatizwa. Padiri alilitamka jina lake, Crispine, mara tatu, na kanisa zima likaitikia. Mélissa aliimba sauti ya tatu nyuma ya migongo ya wenzake. Mtoto yule hata shingo haijakaza, na tayari ana mtu wake mbinguni. Alimwonea wivu hata yeye.